Nywele Ishirini na Saba

Malika binti Mahmoudi alikuwa na hasira tangu Jumatatu, na Alhamisi alipopanda toleka kurudi nyumbani Kabondo, hasira ile ilikuwa bado mbichi. Mwenye baiskeli alijaribu kumsemesha njia nzima, mara habari za mvua, mara habari za mashimo ya barabara, naye akiwa nyuma kwenye kiti alimjibu kwa miguno tu. Kichwani mwake kulikuwa na karatasi moja, ile iliyobandikwa kwenye mlango wa maabara. Ilikuwa na picha ya mdudu ambayo Malika aliichora kwa mkono wake. Juu ya picha, kwa herufi nene, liliandikwa jina la chef Wenceslas. Jina la Malika lilikuwa chini kabisa, limebanwa pembeni kama jina la mtu aliyeleta chai.

Na aliyempata mdudu ni yeye! Chef Wenceslas, mkuu wa maabara ya mawe katika chuo chao, hakuwa amelowesha hata kiatu. Kila kiangazi, maji ya mto Tshopo yanaposhuka, ukingoni hutokea mawe meusi yaliyopangana kama kurasa za daftari. Ni tope la ziwa lililokuwapo enzi za dinosaria. Ukiyapasua taratibu kwa patasi unapata mara mkia wa samaki, mara magamba mawili matatu, na mara nyingi hupati kitu. Malika alipasua mawe yale viangazi vitatu, kwa patasi ya babake, mpaka mgongo ukawa unalia. Ndipo siku moja kurasa mbili zikaachana na mdudu akatokea, mrefu kama kidole gumba, mweusi juu ya weusi.

Alikuwa mdudu wa kutia watu wazimu. Mabawa yake yalikuwa na vishipa kama vya nyenje, yule anayepiga kelele mitini mchana kutwa. Lakini miguu ya mbele ilikuwa imekunjwa na ina meno, kama ya vunjajungu. Kichwa kilikuwa kimepondeka, hakisemi lolote. Sasa mdudu wa namna hii unamtia katika ukoo gani? Kila kitabu alichofungua Malika kilimpokea kwa mabawa na kumfukuza kwa miguu. Yeye alitaka kuandika kwenye kibandiko maneno mawili ya ukweli, "ukoo haujulikani", na kuendelea kutafuta. Chef Wenceslas alikunja uso.

"Haujulikani, haiko résultat, haiko jibu," alisema. "Watu ya Kinshasa batatucheka. Tafuta kitu, Malika."

Kisha ikaja safari ya Basoko. Malika alitumwa kuangalia mawe ya kule, siku nne kwenda na kurudi. Injini ya boti ikafa katikati ya mto na siku nne zikawa kumi na mbili. Kabla ya kuondoka alimwomba chef jambo moja tu. Mawe yale hayavumilii kukauka, yakikauka yanapasuka na kubanduka, kwa hiyo kitambaa kilichoyafunika kiloweshwe kila asubuhi. Chef akajibu "bien sûr", bila shaka, na asubuhi ya kwanza tu akasahau. Alipokumbuka, jiwe lilikuwa limeanza kuinua ngozi. Badala ya kuuliza mtu anayejua, alimwita seremala aliyetengeneza makabati ya maabara, akamwambia alipake jiwe vanishi lishikamane. Na seremala huyo alikuwa Papa Mahmoudi, babake Malika.

Malika aliporudi alikuta jiwe linang'aa kama kabati la bibi harusi, akaitambua kazi ya babake. Damu ilimchemka hata akaona giza. Lakini je, alimpigia kelele chef? Hakuthubutu. Hasira ya kazini tunaibeba mpaka nyumbani, tukawamwagie wasioweza kutufukuza kazi. Alimkuta babake amekaa na sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, hata kumsalimia hakumsalimia.

"Papa, nani alikutuma upake ile jiwe vernis?"

"Ni chef yako, mama. Jiwe ilikuwa inapasuka. Alafu kuko bintu mbili nilitaka kukuambia juu ya..."

"Sitaki kusikia!"

"Malika, bintu mbili tu." Mzee aliinua vidole viwili.

"Wewe unajua mbao, papa. Mbao! Ile haikuwa kitanda. Usiniambie tena habari ya ile vernis mu hii nyumba."

Mzee alimtazama. Alisogeza sahani, akanawa mikono, akaingia ndani. Alikuwa mtu wa miaka sabini na mbili ambaye mtaa mzima ulimwamkia kwa heshima, na hakuna aliyewahi kumkatiza maneno mara mbili mfululizo. Hakurudia tena habari ile. Malika naye hakuuliza, na siku zikapita.

Wiki mbili baadaye chef Wenceslas alitoka kwenye hadubini anaruka kama mtoto.

"Iko na frange! Malika, kuja uone! Ukingo ya bawa yote iko na manyoya, na iko na rangi mbili!"

Malika aliinama akatazama. Kweli, chini ya vanishi, ukingoni mwa bawa, kulikuwa na nywele zimelala zote upande mmoja, nyeusi, kila moja na ncha nyeupe. Hakuna kitabu kilichokuwa na mdudu wa namna hiyo. Alishangaa rangi ile iliwezaje kukaa miaka yote hiyo wakati mwili wote wa mdudu umegeuka mkaa, na alisema hivyo kwa sauti. Chef alimwambia achore. Akachora. Hapo sitamtetea, maana alichora vizuri kupita kazi zake zote, nywele ishirini na saba, hakuruka hata moja. Alijua kwamba mchoro ule ungebeba na jina lake, na alikuwa na njaa ya jina hilo tangu alipoingia chuoni. Njaa ile ilimziba macho.

Kwa nywele hizo chef aliunda ukoo mpya wa wadudu. Makala iliandikwa. Jumatatu ingetumwa kwa wachapishaji, na Jumamosi, kabla haijatumwa, chef angewasomea watu katika ukumbi wa chuo mbele ya profesa mmoja kutoka Kinshasa. Tangazo likabandikwa mlangoni. Ndilo hilo lililomtia Malika hasira, kwa sababu ya ukubwa wa herufi.

Basi Alhamisi ile alishuka kwenye toleka, akapita uani na uso wa mawingu. Papa Mahmoudi alikuwa chini ya banda la mabati anapaka vanishi meza ndogo za kuwekea msahafu, kazi ya chuo cha Kurani. Malika alimsalimia kwa ufupi, akawa anapita. Kisha akasimama.

Mzee alikuwa ameacha brashi. Ameshika sindano, ameinama hadi pua inakaribia kugusa ubao, na kwa ncha ya sindano ananyanyua unywele mmoja uliozama kwenye vanishi mbichi. Aliutoa, akaufuta kwenye kitambaa, akalainisha mahali pake. Malika alikuwa amemwona akifanya hivyo tangu utotoni, maana mzee hakuwahi kununua brashi dukani. Kila Idi ya kuchinja alichukua nywele ngumu za mgongo wa mbuzi, akazifunga kwa uzi kwenye mpini wa mti, na brashi mpya miezi ya mwanzo hudondosha. Fundi asiyeokota nywele zake, alizoea kusema, arudi kwao akalime.

Unywele ule ulibaki kwenye kitambaa. Ulikuwa mweusi, na ncha yake ilikuwa nyeupe.

"Papa," Malika alisema, "hii brossi ni ya mbuzi gani?"

"Ya Idi iliyopita. Ule mbuzi ulimuita Colonel, juu ya zile nywele zake za ncha nyeupe. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Colonel alikula mpaka daftari zake. Malika alitoa mfukoni kioo chake cha kukuzia, akautazama unywele ule, kisha akatazama brashi, kisha akakaa chini kwenye vumbi la mbao bila kujali sketi yake. Mbuzi! Mbuzi wa Idi, aliyeliwa na mtaa mzima pamoja na wali, alikuwa amebakiza siku mbili tu aingizwe katika ukoo wa wadudu wa enzi za dinosaria, kwa mchoro wa binti wa nyumba iliyomla.

Hakumwambia babake kitu. Alichomoa nywele tatu kwenye brashi, akazikunja ndani ya karatasi, akarudi chuoni mbio kwa toleka nyingine. Jua lilikuwa bado juu. Alimkuta chef anafanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya viti vitupu. Alimvuta mpaka kwenye hadubini, akaweka nywele za Colonel kando ya jiwe, akamwambia atazame.

Chef Wenceslas alitazama kwa muda mrefu. Aliponyanyua kichwa, alikwenda kwanza kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Haiko swali hiyo, chef. Ni nywele ya mbuzi. Tutoe ile makala."

"Makala inakwenda lundi. Profesa ameshafika. Donc hizi ni nywele tu, Malika, nywele zote zinafanana."

"Na ncha nyeupe? Nayo inafanana?"

Chef aligeuzageuza karatasi za hotuba yake. Malika alidhani ameona aibu, kumbe alikuwa anatafuta pa kushika.

"Bon," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Simama samedi, useme. Mimi pia nitasema. Nitasema nani alipaka ile vernis. Nitamutaja jina, menuisier Mahmoudi wa Kabondo, aliharibu richesse, mali ya inchi. Alafu tutaona nani atamupa tena kazi ya kabati."

"Ni wewe ulimuita! Ni wewe uliacha jiwe ikakauka!"

"Uko na karatasi inasema vile?"

Hakuwa nayo. Alitoka, akatembea kwa miguu mpaka Kabondo, na njia nzima alikuwa anamtukana mtu yule kimoyomoyo kwa lugha zote tatu alizozijua. Jambo lilikuwa wazi kama mchana. Akinyamaza, uongo wake wa nywele ishirini na saba ungechapishwa na jina lake chini yake maisha yote. Akisema, babake angevuliwa heshima mbele ya mji kwa kosa la mtu mwingine. Usiku ule hakula.

Ijumaa alimngoja mzee arudi msikitini. Alikuwa amejiandaa kumwambia polepole, lakini alipomwona tu, hasira ikamtangulia.

"Papa, uliacha nywele mu jiwe yangu! Wewe! Unaokotaka nywele mu kiti ya jikoni, alafu mu jiwe yangu unaziacha! Kwa nini haukusema?"

Papa Mahmoudi alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

"Nilisema," alijibu.

"Ulisema wapi?"

"Ile siku brossi ilikuwa mupya, inaachia nywele. Nilipita polepole pembeni ya bawa, nikafuata ukingo yake, sikutaka nimukanyage ule mududu katikati. Nikaona nywele imebakia. Nikatoa sindano. Nikamuambia chef, 'Patron, kuko nywele imebakia. Nitoe?' Akapiga meza. Akasema nisiguse kitu sijasomea, nitoke. Nikatoka." Mzee aligeuza kofia ile, akaitazama ndani. "Nikasema basi, nitamuambia Malika. Yeye atasikia. Nikakungoja siku nane utoke Basoko."

Malika alikumbuka sahani ya lituma. Alikumbuka maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, pamoja na lile la kitanda. Hasira yake haikuondoka. Iligeuka tu, ikamtazama yeye usoni, na hakuwa na pa kujificha. Alijaribu kuomba msamaha akashindwa, akabaki analia kwa kelele kama mtoto aliyekanyaga msumari. Mzee alimwacha alie. Alipotulia alimweleza vitisho vya chef.

"Atakutaja, papa. Mbele ya watu wote."

"Jina yangu iko chini ya kabati ya nusu ya hii ville, nimeiandika na mukono yangu. Anitaje." Alivaa kofia. "Kesho ni saa ngapi?"

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa. Jiwe lilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na taa ya mkono kando yake. Mchoro wa Malika ulionyeshwa ukutani, umekuzwa mpaka kila unywele ukawa mkubwa kama fimbo. Chef Wenceslas, mwenye suti ya buluu, alizungumza kwa dakika arobaini bila kumeza mate. Alisema "frange" mara nyingi hata Malika akaacha kuhesabu. Profesa wa Kinshasa, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliandika kidogo na kutikisa kichwa kidogo. Kisha chef akauliza kama kuna maswali, huku tayari anakusanya karatasi zake.

Malika alisimama.

"Sina swali. Ule mchoro ni wangu, na ni uongo. Zile nywele hazikuwa za mududu. Ni nywele ya mbuzi yetu ya Idi, zilitoka mu brossi ya vernis. Nimezilinganisha na hadubini. Nilichora bila kuuliza, juu ya kutaka jina."

Ukumbi ulicheka, kisha ukaona uso wake ukaacha kucheka. Chef hakupoteza hata sekunde moja.

"Ni kweli, kuko vernis!" alipaza sauti. "Na muulizeni nani aliipaka! Ni babake! Menuisier! Yule pale nyuma, Mahmoudi wa Kabondo! Yeye ndiye ameharibu jiwe, alafu leo mutoto yake anakuja kunitia haya mimi!"

Vichwa vyote viligeuka. Papa Mahmoudi alikuwa amekaa safu ya mwisho, na kanzu yake iliyopigwa pasi. Alisimama bila haraka, akapita katikati ya viti mpaka mezani. Alitoa mfukoni kichupa cha spiriti, pamba, na sindano iliyochomekwa kwenye kizibo. Alivipanga kimoja kimoja kando ya jiwe, kama anavyopanga vyombo vyake asubuhi. Kisha akamgeukia chef, na bila kupandisha sauti akasema maneno yaleyale.

"Patron, kuko nywele imebakia. Nitoe?"

Chef Wenceslas alipiga meza.

"Nilikuambia usiguse!" alisema, na hapohapo akajua amesema nini, kwa sababu profesa alivua miwani.

"Ulimwambia lini?" mama yule aliuliza.

Malika alikuwa amekwisha fika mezani, ameshika taa.

"Toa, papa."

Mzee alilowesha ncha ya sindano kwa spiriti, akainama, akautoa wa kwanza. Akaulaza kwenye karatasi nyeupe. Watu wa mbele walisimama ili waone, wa nyuma wakapanda kwenye viti. Hakuna aliyemhimiza. Chef alikusanya karatasi zake zikamponyoka, akaziacha sakafuni akatoka. Mzee alifika ishirini na saba, akapuliza jiwe kidogo, na ukingo wa bawa ukabaki mtupu, laini, bila ajabu yoyote. Profesa alisogea akasema kwamba hata hivyo mdudu ni wa pekee, kwa mabawa yale na miguu ile, na kwamba kazi ya Malika ikisafishwa inaweza kuandikwa upya kwa jina lake mwenyewe. Moyo wa Malika uliruka. Mdudu wake alikuwa bado yupo.

Mzee alikuwa anafuta sindano. Hakuwa ameondoka mezani.

Hapo ndipo Malika alipokumbuka. Bintu mbili, alisema siku ile, na Ijumaa alikuwa amesikia kimoja tu.

"Papa," aliita. "Na ile ya pili?"

Papa Mahmoudi alimtazama, kisha akamtazama profesa, kisha jiwe. Ilionekana anasita.

"Haitakufurahisha, mama."

"Sema."

"Angalia vernis. Mahali mbao moja inalala juu ya ingine, vernis inakusanyika mu kona. Hapa kwa muguu imekusanyika, inazunguka muguu yote, hata hapa juu kwa bega. Kama muguu ingeshikana na mwili, haingepita hapa." Ncha ya sindano ilizunguka polepole bila kugusa. "Hii miguu haiko ya huyu. Imelala juu yake. Hawa ni wawili, Malika. Nyenje na mwingine."

Viangazi vitatu, mgongo, Basoko, mchoro, jina. Hasira ilimpanda kooni, ileile aliyoijua, ya moto, na neno lilikuwa tayari ulimini: wewe unajua mbao. Alilimeza. Lilimchoma likishuka, na macho yakamjaa maji.

Akasogeza taa karibu na jiwe.

"Nionyeshe, papa," alisema. "Anza hapa kwa bega."